Mwili Umeamka, Akili Bado Imelala: Somo Kuhusu Kuamka Alfajiri

Somo la afya na imani kwa familia na vikundi vya nyumbani
Mafungu ya kusoma kabla ya somo: 1 Wafalme 19:1-8, Mithali 6:6-11, Marko 1:35, Matendo 20:7-12



Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na baada ya hapo tunaingia katika ile miezi ambayo wengi wetu hapa Minnesota hutoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Kila mwaka majira haya malalamiko huwa ni yaleyale. Mama anayetunza wazee anaingia zamu saa 12 asubuhi, na anasema akiamka hajui hata amevaa nini. Baba wa kiwandani anasema hufika kazini bila kukumbuka alipita njia gani. Mzazi anasema kijana wake wa miaka 15 haamki mpaka atikiswe, na basi la shule linamwacha. Na wale wa maombi ya alfajiri kwa simu wanasema sauti ya kiongozi huanza kusikika kwa mbali, halafu inapotea kabisa.

(Saa katika somo hili nazitaja kwa hesabu ya kwetu. Saa 10 alfajiri ndiyo ile ambayo simu yako inaandika 4:00.)

Majibu mawili husikika sana kati yetu. La kwanza ni kwamba mtu huyo ni mvivu. La pili ni kwamba ana pepo wa usingizi, basi aombewe. Kuomba tuombe, tena bila kuchoka. Lakini kabla ya kumhukumu ndugu, tujue kwanza mwili ambao Mungu ametupa huwa unaamkaje. Kama muuguzi ambaye amefanya zamu za usiku na za alfajiri kwa miaka mingi, nataka tujifunze mambo matatu: kwa nini akili huchelewa kuamka, tufanye nini ili iamke mapema, na tufanye nini ili uchovu huo usimuue mtu kati yetu.

1. Maandiko yanatofautisha mvivu na aliyechoka

Mithali 6 inamtuma mvivu akajifunze kwa chungu, yule mdudu mdogo asiye na msimamizi lakini anaweka akiba. Fungu hili tunalijua sana, na wazazi wengi hulitumia kila asubuhi. Lakini Biblia hiyo hiyo inatuonyesha watu wengine waliolala.

Eliya alilala chini ya mti jangwani akiwa amekata tamaa hata ya kuishi. Malaika alipokuja hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Alipokuja mara ya pili alimpa chakula tena, na hapo ndipo Eliya akapata nguvu ya safari ya siku arobaini. Mungu alimtibu mtumishi wake kwa usingizi na chakula kabla ya kumpa maagizo mapya.

Katika Matendo 20 tunakutana na kijana Eutiko. Paulo alihubiri mpaka usiku wa manane, taa zilikuwa nyingi chumbani, na Eutiko alikuwa amekaa dirishani. Usingizi ukamzidi, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Angalieni kwamba hakuna mahali Paulo anapomwita mvivu au mtu wa imani ndogo. Alishuka, akamkumbatia, na kijana akaletwa akiwa hai.

Bwana wetu mwenyewe aliamka kabla ya mapambazuko kwenda kuomba, na tena alilala chomboni wakati wa dhoruba. Kuamka mapema ni kwema, na kulala ni kwema pia. Mvivu amepumzika vya kutosha na bado hataki kuinuka. Aliyechoka anataka kuinuka ila mwili haumfuati. Tusiwachanganye hawa wawili.

2. Kinachotokea mwilini kengele inapolia

Ile hali ya kuamka ukiwa mzito, macho yanawaka, maneno hayaji, na kazi ndogo kama kufunga vifungo inakushinda, Kiswahili kinaiita mang'amung'amu ya usingizi. Si ugonjwa. Kila binadamu anayo kwa kiasi fulani, na inatokana na mambo matatu.

Kwanza, ubongo hauamki wote kwa mara moja kama taa inayowashwa. Sehemu zinazoendesha kupumua na kusimama huamka upesi. Sehemu ya mbele, ile ya kupima mambo, kuamua na kujizuia, huamka mwisho. Kwa kawaida hali hii huchukua dakika 15 hadi 30. Kwa mtu aliyekosa usingizi siku nyingi inaweza kufika saa moja au kuzidi. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea, kujibu "naam", hata kuzima kengele, halafu baadaye asikumbuke lolote.

Pili, mwili una saa yake ya ndani. Wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili. Saa hiyo huongozwa zaidi na mwanga unaoingia machoni. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, inayouambia mwili kwamba ni usiku. Kwa watu wengi joto la mwili hushuka chini kabisa karibu na saa 10 au saa 11 alfajiri. Anayeamka saa hizo anaamka wakati mwili wake wote unasema bado ni usiku mkubwa.

Tatu, kuna deni la usingizi. Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo na kuleta uzito wa usingizi. Ukilala huondolewa. Ukilala kidogo, kiasi hubaki, na kesho yake kinaongezwa juu ya kile kilichobaki. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kwa usiku mmoja. Anayelala saa 5 kwa siku tano za kazi anafika Jumamosi akiwa na deni la saa 10, na deni hilo haliishi kwa kulala Jumapili mchana peke yake.

3. Kwa nini hapa ni vigumu kuliko nyumbani

Wengi wetu tumekulia karibu na ikweta. Nairobi, Mwanza, Bukavu au Bujumbura, jua huchomoza karibu na saa ileile mwaka mzima. Jogoo anawika, kunapambazuka, jirani anafagia uwanja, na mwili unaamshwa na mambo mengi kwa pamoja. Hapa Minneapolis, mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa 2 kasoro dakika 10 asubuhi, na linazama karibu saa 10 na nusu jioni. Anayeingia kazini saa 12 anakuwa amefanya kazi karibu saa mbili kabla ya kuona mwanga. Mtu anayesema "nyumbani nilikuwa naamka saa 11 bila kengele" anasema kweli. Hajabadilika tabia, amebadilishiwa jua.

Jambo la pili ni simu. Wakati wa baridi, Afrika Mashariki iko mbele yetu kwa saa 9. Sisi tukiwa saa 3 usiku, Nairobi na Dar es Salaam ni saa 12 asubuhi, na watu ndio wanaamka. Ndipo habari za mgonjwa, ada ya shule na mchango wa msiba zinapoanza kuingia. Kundi la ukoo linachangamka saa 6 usiku wa kwetu, na saa 8 usiku simu bado inatetemeka kitandani. Wapendwa, hakuna anayekuambia uwasahau ndugu zako. Lakini mtu anayeamshwa mara nne usiku hawezi kuamka vizuri saa 10.

Jambo la tatu ni kazi mbili. Hili sitalipuuza, kwa sababu najua kodi ya nyumba haisubiri. Tutalirudia hapa chini.

4. Asubuhi njema huandaliwa usiku

Chukua mfano wa mama anayeanza kazi saa 12 asubuhi na safari yake ni nusu saa. Anahitaji kuamka saa 10 na nusu ili asikimbizane. Ukirudi nyuma saa 7, inakuwa saa 3 na nusu usiku. Hiyo ndiyo saa ya kuwa amelala, si saa ya kuanza kutafuta sare. Basi mambo yake ya jioni yapangwe hivi:

Kahawa ya mwisho iwe saa 6 mchana. Kafeini hukaa mwilini kuliko tunavyodhani. Kwa mtu mzima, nusu ya ile uliyokunywa bado ipo baada ya saa 5 hivi, na kwa mjamzito hukaa muda mrefu zaidi. Chai ya rangi, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu vinayo pia. Anayesema "mimi kahawa hainizuii kulala" huenda analala kweli, ila usingizi wake ni mwepesi.

Simu ikalale chumba kingine au sebuleni saa 3 usiku. Waambie ndugu saa unayopatikana, kwa mfano jioni yako kabla ya saa 3, au mapumziko ya mwisho wa juma. Simu nyingi zinaweza kuzimwa sauti zote isipokuwa ya namba mbili au tatu ulizochagua, kama mama mzazi au mtu anayemtunza. Kwa njia hiyo habari ya dharura itakufikia, na vichekesho vya kundi vitasubiri.

Nguo, funguo, chakula cha kazini na mabegi ya watoto viandaliwe usiku. Asubuhi akili haijaamka, hivyo usiipe maamuzi ya kufanya.

Chumba kiwe na giza na ubaridi kidogo. Wengi wetu tukiogopa baridi huwasha joto sana usiku. Blanketi zito ndani ya chumba chenye ubaridi husaidia zaidi kuliko chumba chenye joto kali.

Pombe isitumiwe kama dawa ya usingizi. Humlaza mtu haraka, kisha humkatakata usingizi usiku wa manane.

Sasa wewe mwenye kazi mbili utaniuliza, "Dada, saa 7 nitazipata wapi?" Kama haziwezekani kwa mkupuo mmoja, zigawe. Lala saa 5 usiku, kisha tafuta saa moja na nusu mchana kabla ya kazi ya pili, chumba kikiwa giza na familia ikijua kwamba muda huo haugongwi mlango. Si sawa kabisa na usingizi mzima, ila ni bora kuliko kutolipa deni kabisa. Na kila baada ya miezi michache, mke na mume wakae na karatasi wahesabu: ile kazi ya pili inaleta dola ngapi baada ya mafuta, kodi na mlezi wa watoto? Wako waliohesabu wakaona wanaukosa usingizi kwa faida ndogo sana.

5. Nusu saa ya kwanza

Hapa ndipo hatua zenyewe zilipo. Zibandike jikoni kama ukitaka.

Amka kwa kengele moja. Iweke mbali na kitanda ili usimame kuizima. Kengele tano zinazofuatana kila dakika 9 hukuvunjia usingizi wa mwisho bila kukuamsha. Kama unaweza kuamka saa 10 na nusu, basi lala kweli mpaka saa 10 na nusu.

Washa taa zote mara moja. Mwanga ndio ujumbe ambao saa ya mwili inausikia kwanza. Taa za kawaida za ndani hazina nguvu ya jua, lakini ni bora kuliko kutembea gizani kwa kuogopa kuwaamsha wengine. Andaa chumba kimoja cha kuvalia chenye mwanga mkali. Wako wanaotumia taa maalumu ya luksi 10,000 kwa dakika 20 hadi 30 wakati wa kunywa chai, na husaidia wengi katika miezi ya giza. Mwenye ugonjwa wa macho au wa hisia zinazopanda na kushuka sana amuulize daktari kwanza. Na jua likishachomoza ukiwa kazini, tumia mapumziko yako kutoka nje dakika 10. Hata siku ya mawingu, mwanga wa nje unazidi wa ndani mara nyingi.

Kunywa maji, nawa uso kwa maji baridi, na utembee. Maji baridi huchangamsha kwa dakika chache tu, hivyo yafuatwe na mwendo: panda na kushuka ngazi, tandika kitanda, nyoosha mikono na mgongo.

Kunywa kahawa au chai mapema, kisha uipe muda. Kafeini huanza kufanya kazi vizuri baada ya nusu saa hivi. Haiondoi deni la usingizi. Inafunika tu mahali ambapo adenosini hugonga mlango. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiasi kisichozidi miligramu 400 kwa siku, yaani vikombe vinne hivi vya kawaida, hakina shida. Mjamzito abaki chini ya miligramu 200.

Anza na kazi isiyo na hatari. Katika nusu saa hiyo usiendeshe gari, usimpimie mtoto dawa ya maji, usijichome insulini bila kusoma kipimo mara mbili, na usijibu ujumbe wa hasira. Ile sehemu ya ubongo inayopima mambo bado haijafika kazini.

Shika saa ileile kila siku. Ukiamka saa 10 na nusu siku za kazi na saa 5 asubuhi Jumamosi, mwili wako unasafiri nchi za mbali na kurudi kila wiki. Mwisho wa juma jiongezee saa moja au mbili tu, na deni lingine ulilipe kwa kulala mapema usiku.

Na maombi ya alfajiri? Omba ukiwa umesimama au unatembea, taa ikiwa imewashwa. Omba kwa sauti. Kama uko kwenye maombi ya simu, pokea zamu ya kusoma fungu. Anayepiga magoti kwenye zulia la joto, macho yamefumbwa, chumba giza, amejiandalia kitanda.

6. Watoto na vijana

Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji saa 8 hadi 10. Katika ujana saa ya mwili husogea mbele, melatonini hutoka kwa kuchelewa, na kijana hashikwi na usingizi mapema kama zamani. Kumwamsha saa 11 alfajiri ni kumwamsha katikati ya usiku wake.

Jambo hili lilitambuliwa hapa hapa jimboni kwetu. Mwaka 1996 mji wa Edina ulisogeza mwanzo wa masomo ya sekondari kutoka saa 1 na dakika 20 hadi saa 2 na nusu asubuhi, na Minneapolis ikafuata mwaka 1997. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri shule za vijana zisianze kabla ya saa 2 na nusu.

Basi, baba na mama, msimwite kijana mvivu mbele ya wadogo zake kabla hamjakagua mambo mawili: simu yake inalala wapi, na analala saa ngapi. Utaratibu huo uwabane hata wazazi. Nyumba ambayo simu zote zinalala sebuleni, pamoja na ya baba, hubishana kidogo sana asubuhi.

7. Usukani

Hapa naomba kila mtu asome polepole.

Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huendesha vibaya sawa na mwenye pombe ya kiwango cha 0.05 kwenye damu. Akifikisha saa 24, ni kama mwenye 0.10, na kisheria hapa Minnesota kikomo ni 0.08. Yaani muumini ambaye hajawahi kuonja pombe anaweza kuwa barabarani katika hali ya mlevi.

Usingizi wa sekunde chache huja bila kubisha hodi. Kwa mwendo wa maili 60 kwa saa, ukisinzia sekunde 4 gari limekwenda zaidi ya mita 100, urefu wa uwanja wa mpira, bila dereva. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya nyimbo hakusaidii kwa muda wa maana. Dalili ni hizi: kupiga miayo mfululizo, kupita njia ya kutokea, kutokumbuka maili za mwisho, gari kuvuka mstari. Ukiziona, toka barabara kuu, egesha mahali salama, kunywa kahawa, na ulale dakika 15 hadi 20 milango ikiwa imefungwa. Ukiamka kahawa inakuwa imeanza kufanya kazi. Subiri dakika chache akili itulie, ndipo uendelee. Kuchelewa kazini kunaelezeka.

Na sasa nizungumzie makesha yetu. Ndugu aliyeamka saa 12 asubuhi Ijumaa, akafanya kazi kutwa, akaja kesha, akatoka saa 11 alfajiri Jumamosi, amekaa macho saa 23. Kisha anawapakia watoto wanne kwenye gari, barabara ina barafu. Wapendwa, Eutiko alianguka kutoka dirishani; wa kwetu wanaweza kuanguka wakiwa wameshika usukani, na pamoja nao familia nzima. Napendekeza kila kesha liwe na utaratibu huu: wachaguliwe madereva waliolala mchana, chumba kimoja kitengwe chenye magodoro kwa anayetaka kulala kabla ya kuondoka, na mzee wa zamu asimame mlangoni kuuliza kila dereva, "Umelala saa ngapi?" Kumzuia mtu funguo kwa upendo ni huduma.

8. Uchovu usio wa kawaida

Kama unalala saa 7 au 8 kwa wiki kadhaa na bado unaamka umechoka, usijilaumu na usivumilie kimya. Nenda kliniki. Mambo haya ndiyo hupatikana mara nyingi:

Kukatika kwa pumzi usingizini. Mtu hukoroma sana, hunyamaza ghafla, kisha hushtuka akivuta hewa. Huamka na kichwa kinauma na kinywa kikavu, na presha yake mara nyingi iko juu. Mwenzi wa kitandani ndiye shahidi mkuu, amsaidie kueleza. Kipimo siku hizi kinaweza kufanyiwa nyumbani, na tiba ipo. Madereva wa malori huogopa kupimwa wasije wakapoteza kazi. Anayetibiwa vizuri anaweza kuendelea kuendesha, lakini anayesinzia bila tiba anaweza kupoteza uhai.

Upungufu wa damu, hasa kwa akina mama wenye hedhi nzito, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, na kisukari.

Dawa. Nyingi za mafua ya usiku na za kulalia zinazouzwa bila cheti zina difenhidramini, ambayo inaweza kumwacha mtu mzito mpaka asubuhi, hasa wazee wetu. Mpelekee mfamasia dawa zote unazotumia.

Huzuni na ndoto za kutisha. Wapo kati yetu waliopita vitani na kambini, na usiku ndipo yote hurudi. Hii si imani ndogo. Zungumza na mchungaji, na zungumza na daktari pia, kwa sababu kuna matibabu ya ndoto hizo.

Gesi ya kaboni monoksidi. Kama watu wa nyumba nzima wanaamka na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na wakitoka nje wanapata nafuu, huo si usingizi. Ni sumu isiyo na harufu, inayotoka kwenye mashine ya kupasha joto iliyoharibika, gari linaloachwa likinguruma gereji, au jiko la mkaa ndani. Tokeni nje wote na mpige 911. Sheria ya Minnesota inataka kengele ya gesi hii iwepo ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Ijaribuni leo jioni. Na jiko la mkaa lisiingie ndani kamwe, hata umeme ukikatika.

Usiogope lugha. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Sema tu "Kiswahili" unapopiga simu, na usimfanye mtoto wako kuwa mkalimani.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika 1 Wafalme 19, malaika alimpa Eliya nini kabla ya kumpa safari? Ni nani nyumbani kwako anahitaji hicho kabla ya kupewa maagizo?
2. Tunamtambuaje mvivu, na tunamtambuaje aliyechoka? Umewahi kuitwa mvivu wakati ulikuwa umechoka?
3. Baada ya kesha lijalo, nani ataendesha gari? Panga majina sasa.
4. Ndugu wa nyumbani wanapiga simu saa ngapi? Utawaambiaje kwa heshima saa unayopatikana?

Zoezi la wiki

Kwa siku 7, kila mtu wa nyumba aandike saa aliyolala na saa aliyoamka. Chagueni saa moja ya simu zote kwenda sebuleni. Mwamke kwa kengele moja na taa ikiwa imewashwa, na kila dereva ahesabu nusu saa tangu kuamka kabla ya kushika usukani. Jumapili ijayo leteni karatasi zenu. Tutazijadili baada ya ibada, kwenye chai.

Bwana, aliyempa Eliya usingizi na mkate, na kumrudisha Eutiko akiwa hai, awape usiku wa utulivu na asubuhi ya akili timamu. Awafikishe salama kazini, shuleni na nyumbani. Amina.